Mama Mkaguzi na Treni ya Bustani

Siku ya kwanza dereva alipowaona, walikuwa wanacheka. Hilo ndilo lililomuudhi baadaye kila alipokumbuka: kwamba watu walioingia kwa kicheko namna ile ndio waliomtia joto wiki saba nzima.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, na treni ya bustani ilikuwa imesimama kituoni ikingoja abiria. Kusema kweli haikuwa treni. Ilikuwa trekta dogo lililovalishwa mabati, likapakwa rangi nyekundu, likawekewa bomba la moshi lisilotoa moshi, na nyuma yake yakafungwa mabehewa matatu yenye viti vya mbao. Ilikwenda kwa matairi, wala haikuwa na reli. Ilizunguka bustani nzima kwa dakika kumi na nne, njia moja tu: inapita kwenye maua, inapita bwawa la bata, inapita nyuma ya vyoo, inarudi kituoni.

Dereva wake alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye haya kuliko kawaida ya mtu mzima. Wenzake wa bustani walimpachika jina la Redio, kwa sababu alikuwa hasemi. "Redio leo betri zimekufa," wangesema wakimpita, naye angetabasamu akitazama viatu vyake. Hata akikata tiketi hakutazama watu usoni. Alitazama mikono. Mkono ukileta pesa, yeye anarudisha tiketi, basi.

Kilichomfaa kazini ni kipaza sauti. Akikishika na kukiweka mbele ya uso alijiona kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango, na maneno yakatoka bila taabu. Hata hivyo hayakuwa maneno yake. Yalikuwa yameandikwa ubaoni na msimamizi wa bustani: usitoe mkono nje, usisimame treni ikienda, mtoto akae katikati, wajawazito hawaruhusiwi kupanda.

Basi siku hiyo mikono mitatu ilipita dirishani mwa kibanda cha tiketi, akakata tiketi tatu. Alipokwenda kukagua mabehewa ndipo akawaona. Kijana mmoja alikuwa anaiga mlio wa saa ya ukutani iliyochoka, inayopiga saa sita lakini inaishia saa nne kwa uchovu. Mkewe, mwenye gauni la njano, alikuwa anacheka mpaka machozi, mikono ameiweka juu ya tumbo lililotangulia mbele kama beseni. Kando yao alikaa mama wa yule kijana, mwanamke mkubwa wa mifupa, mkoba mweusi mapajani, naye anajizuia asicheke na midomo inamsaliti.

Redio aliliona tumbo, akarudi mbele, akainua kipaza sauti. Betri zilikuwa mpya.

"Mama mjamzito mwenye gauni la njano, behewa la pili. Tafadhali teremka. Wajawazito hawaruhusiwi."

Sauti ilifika mpaka barabarani. Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Hongera, dada!" akasema mmoja. "Mwezi wa ngapi?"

"Wa saba huo, kama si wa nane. Tazama lilivyoshuka."

"Dume hilo! Tumbo likichongoka namna hiyo ni dume, niulize mimi."

"Mwiteni jina langu!" akadakia mzee mmoja, na watu wakaangua kicheko.

Yule msichana aliteremka amemshika mumewe bega, wala hakumtazama mtu. Mama yao akateremka wa mwisho. Alikuja mbele ya treni taratibu, akasimama hatua moja kutoka kwa Redio.

"Nani mjamzito?"

"Yule... yule pale, mama."

"Nimekuuliza nani."

"Mwenye gauni la njano."

"Yule ameshiba," akasema mama. "Amekula maharage. Kwenu mtu akishiba anapigiwa mbiu?"

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alisogea karibu zaidi, mpaka Redio akasikia harufu ya sabuni ya mche nguoni mwake, na sasa akasema kwa sauti ya chini, ya kumtosha yeye peke yake.

"Hujui ulichofanya. Nitakwambia kimoja tu. Huyo likimfika jambo, sitakwenda kugombana na daktari, wala sitamlaumu Mungu. Nitakuja hapa. Kwako wewe na mdomo wako huo wa bati."

Redio alitafuta neno. Moja tu lilimjia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alimkata jicho, akageuka, akawaswaga watoto wake mbele kuelekea lango.

Alidhani wamekwenda moja kwa moja. Kumbe Jumapili walirudi, na Jumatano, na Jumamosi iliyofuata. Daktari alimwagiza yule msichana atembee na afurahi, na bustani ilikuwa karibu na kwao, kwa hiyo wakawa wanakuja mara tatu kwa wiki kama watu wa zamu. Mama alichagua benchi linalotazamana na kituo cha treni. Palikuwa na mabenchi ishirini na mawili katika bustani ile, mengine chini ya kivuli kizuri, lakini yeye alikaa pale pale juani, uso kwa uso na kibanda cha tiketi, akamenya karanga, na maganda akayatupa njiani, mahali ambapo Redio ndiye aliyepaswa kufagia.

"Shikamoo, mama," Redio angesema akipita na fagio.

Ganda jingine linaanguka mbele ya fagio.

Haikupita wiki mbili yule mama akawa anajulikana bustani nzima. Alikwenda ofisini kwa msimamizi kulalamika kwamba vyoo havina sabuni. Akalalamika kwamba benchi la karibu na bwawa lina msumari. Akalalamika kwamba bomba la treni linadanganya watoto, kwani halitoi moshi. Wafanyakazi wakamwita Mkaguzi. Akitokea langoni, mfagiaji wa vyoo alikuwa anakimbia kuchukua ndoo.

Redio naye hakuwa malaika. Watu wakimya huwa na ghala kubwa la hasira, maana hawauzi hata kidogo. Alijifunza kumwagilia majani saa ile ile wanayofika, na bomba la maji lilikuwa na tabia ya kumponyoka mkono likielekea benchi lile. Siku moja aliwahi mapema akabandika kibao: RANGI MBICHI. Benchi lenyewe lilikuwa halijaonja rangi miaka sita. Mkaguzi alifika, akakisoma kibao, akagusa mbao kwa kidole, akanusa kidole. Halafu akakibandua kile kibao, akakiweka chini, akakikalia.

"Asante kwa mto," akasema kwa sauti, huku anatazama kibandani.

Mwanawe alicheka mpaka akajiinamia. Redio aliingia ndani ya kibanda akafunga dirisha, masikio yakimwaka.

Kilichomshangaza ni kwamba watu hawa walikuwa na furaha. Mkaguzi aliyekuwa na sumu kwa dunia nzima, kwa watoto wake alikuwa chereko. Walikuwa na mchezo wa bata: kila mmoja anachagua bata wake bwawani, na mwenye bata wa mwisho kufika ukingoni anabeba mkoba mpaka nyumbani. Mkaguzi alikuwa anadanganya waziwazi, anamrushia bata wake maganda. "Mama, huyo si bata wako, wako ni yule mwenye kilema!" "Kilema wewe. Huyu nimemchagua tangu jana." Walishindana kurusha karanga hewani na kuidaka kwa mdomo. Kijana, ambaye alikuwa fundi saa, aliiga kila saa iliyowahi kupita mikononi mwake: ya mlevi, ya mwalimu mkuu, ya bibi harusi aliyechelewa. Mkewe, msusi wa nywele, alicheka hadi akashika mbavu, na mara nyingine katikati ya kicheko alikatika ghafla, mkono tumboni.

"Nini?" Mkaguzi angeuliza upesi.

"Gesi, mama."

"Gesi ndiyo," angesema. "Ni yale maharage."

Na wote watatu wakaendelea kama kwamba tumbo lile halipo. Redio alilisikia jibu hilo mara nyingi akipita na fagio. Alidhani wana wazimu kidogo.

Aliyemfumbua macho ni yule fundi saa. Alikuja kibandani siku moja kuomba maji ya kunywa, akasimama pale akizungusha kikombe.

"Kaka, mama yangu nakuombea radhi," akasema. "Lakini na wewe ulituvunjia nyumba siku ile."

Redio akatazama viatu.

"Huyu ni wa tatu," kijana akasema. "Wa kwanza alitoka miezi sita, na jina tulikuwa tumeshampa. Wa pili alitoka wa nane. Huyo hata kitanda chake tulishakipaka rangi. Mama akasema sasa basi, huyu hatajwi. Hata sisi wawili chumbani hatutaji. Tunasema gesi."

"Kwa nini?" Redio akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa kijana yule.

"Mama alifua mashuka hospitali ya wazazi miaka thelathini na moja. Huko chini kwenye mapipa. Hakuwahi kuwaona wazazi wenyewe, kaka. Alikuwa anaona mashuka tu. Anasema shuka likifika mkononi alijua kama juu wanacheka au wanalia. Na wauguzi walikuwa wanateremka kumsimulia: yule wa kitanda cha tano, aliyekuja na nguo ndogo zimekunjwa na jina tayari, ndiye huyu aliyepoteza. Mara kumi, mara ishirini. Ikamwingia. Mimi namwambia mama, hata wasiotaja wanapoteza. Hasikii." Akanywa maji yake. "Sasa wewe ukamtaja mbele ya watu arobaini, na mzee wa watu akampa na jina."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Na mama anajua hukujua. Ila ana hofu, na hofu inataka mtu wa kugombana naye. Ameshakupata."

Akarudisha kikombe, akaenda. Redio hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Lakini tangu siku hiyo hakuwa na raha. Ikifika saa tisa anatazama lango. Gauni la njano likitokea, tumbo likiwa bado mahali pake, kifua kinalegea. Kisha anamwona Mkaguzi nyuma yake, na kifua kinakaza upya. Aliuchukia ulimi wake, akamhofia yule msusi, na akamchukia Mkaguzi kwa kumfanya aogope. Mwezi wa nane wa mimba ulipoisha bila jambo, alijikuta amesema "alhamdulillahi" peke yake kibandani, halafu akaona aibu.

Kitu kingine alichokigundua ni kile kilichokuwa ndani ya mkoba mweusi. Chini ya karanga palikuwa na shuka jeupe, limekunjwa na kupigwa pasi mpaka pembe zake zingeweza kukata mkate. Hawakulikalia kamwe, hata majani yakiwa yameloa. Siku moja msusi alimwagikiwa na aiskrimu, akalifuata, Mkaguzi akampiga kofi mkononi.

"Hilo si la kufutia."

"La nini basi, mama?"

"La mkobani."

Ugomvi ulifika kileleni wiki ya saba. Jumatatu asubuhi msimamizi alimwita Redio ofisini. Mezani palikuwa na karatasi yenye mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: *Dereva wa treni anamwagia wageni maji kwa makusudi. Pia anabandika uongo kwenye mabenchi.*

"Ni kweli?" msimamizi akauliza.

Redio hakujibu, na kwa msimamizi, asiyejibu amekiri. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na mbili. Aliikunja akaiweka mfuko wa shati. Siku mbili nzima aliisikia ikimchoma pale kifuani kama kaa la moto.

Jumatano bustani ilikuwa karibu tupu. Mvua ilitisha asubuhi, watu wengi wakabaki kwao. Mkaguzi alikuja na mkwewe tu, fundi saa yuko dukani. Hawakukaa kwenye benchi lao. Walikwenda moja kwa moja bwawani, upande wa mbali kabisa na lango, wakatazame bata. Redio akasema afadhali. Saa kumi akawasha treni aizungushe bila abiria, maana injini isipowashwa inazira.

Alipokata kona ya bwawa akamkuta Mkaguzi katikati ya njia, mikono ameitandaza.

"Simama!"

Akasimama. Hatua kumi nyuma yake msusi alikuwa ameshika nondo za ukingo wa bwawa, ameinama, na gauni la njano lilikuwa limeloa kuanzia kiunoni kwenda chini. Hapakuwa na mvua iliyonyesha. Redio alielewa papo hapo. Hilo hakuja kulikana hata siku moja: alielewa papo hapo.

"Tunapanda," akasema Mkaguzi. "Utupeleke langoni."

Barua ilikuwa mfukoni. Redio alihisi pembe zake.

"Wajawazito hawaruhusiwi," akasema. Bila kipaza sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na yeye mwenyewe hakuizoea.

"Ana haraka."

"Haraka ya nini?"

Mkaguzi alitupa jicho nyuma kwa mkwewe.

"Nauliza ana nini, mama. Nina onyo mimi, umeniletea wewe. Nikivunja sheria nitaulizwa. Niandike nini? Kwamba ameshiba? Kwamba ni maharage?"

Mwanamke yule mkubwa alisimama mbele ya trekta, midomo ikimcheza, neno limefika menoni na haliwezi kutoka. Miaka thelathini na moja ya mashuka ilikuwa imeliziba njia. Kwa mara ya kwanza Redio alimwona anaogopa, na, Mungu amsamehe, ilimwonjesha utamu. Mtu ambaye maisha yake yote amekosa maneno, leo yeye ndiye anayengoja mwingine akose. Akangoja. Injini ilikuwa inatetemeka chini yake. Bata mmoja akalia. Nyuma, kwenye nondo, yule msichana alikuwa anahema kwa nguvu, moja baada ya nyingine.

"Sema," akamwambia mama. "Sema ana nini."

Aliyesema ni msusi mwenyewe.

"Nina mimba!" Bata wote wakaruka. "Nina mimba, nazaa, nazaa sasa hivi, na nyie wawili wajinga! Haya, mama, nimetaja mimi! Limeshatoka! Nipandisheni!"

Hapo ndipo Redio alipopata akili. Aliruka chini, akamshika upande mmoja, Mkaguzi upande wa pili. Mama alishafungua mkoba. Karanga zikamwagika njiani, shuka likafunguka kwa mkupuo mmoja, likatandazwa juu ya kiti cha mbao, pembe zikachomekwa chini bila mkunjo. Mikono ilifanya yote hayo yenyewe. Uso wake ulikuwa umekauka.

Kutoka bwawani kufuata njia ya treni ni dakika tisa, maana lazima ipite nyuma ya vyoo. Mabehewa matatu hayarudi kinyumenyume. Redio alitazama mbele, akatazama majani aliyoyamwagilia miaka kumi na mbili, na ng'ambo yake tuta refu la maua ya njano na mekundu, na ng'ambo ya maua lango. Akazungusha usukani.

"Shikeni!"

Treni ikaacha njia. Ilipita juu ya majani ikiyumba kama mlevi anayekwenda kwao, kengele inalia, bomba lisilo na moshi linatikisika. Wapenzi wawili waliokuwa wametandika mkeka walinyakua chupa yao ya chai wakakimbia. Msimamizi alitoka ofisini na kikombe mkononi, mdomo wazi.

"Kata kulia!" Mkaguzi alikuwa anafoka kutoka nyuma. "Kulia, wewe! Unaendesha au unachunga?"

Akakata kulia.

"Polepole kwenye tuta, unamrusha!"

Akapunguza.

"Nani amekuambia usimame? Kanyaga!"

"Mama, usimgombeze, ndiye dereva," akasema msusi kati ya pumzi.

"Dereva wa kopo!"

Maua yakalala chini ya matairi, mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Langoni palikuwa na teksi moja, dereva wake amelala. Mkaguzi alimwamsha kwa kupiga bati la paa kwa ngumi. Wakamwingiza msichana, shuka likamfuata. Mlango ukafungwa. Teksi ikaondoka, na mwanamke yule hakugeuza hata shingo.

Msimamizi alikuja kusimama kando ya Redio. Wakatazama maua pamoja.

"Utayapanda mwenyewe," akasema msimamizi. "Yote. Na onyo la pili nakuandikia leo."

Akayapanda. Siku za kupumzika alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, mche baada ya mche, na kila mche alikuwa anausikia ule mhemo wa kwenye nondo. Jumamosi ilifika, benchi likakaa tupu. Jumapili tupu. Jumatano tupu. Njia mbele ya kibanda ilikuwa safi, hapana hata ganda moja la kufagia, na usafi ule ulimtesa. Alikuwa amehesabiwa mambo mawili sasa: mdomo wa siku ya kwanza, na kungojesha kwa siku ya mwisho. Mdomo hakujua. Kungojesha alijua.

Alitamani kuuliza, lakini angemuuliza nani? Alikuwa na saa iliyokufa tangu zamani. Siku moja aliitia mfukoni iwe kisingizio, akaenda mpaka duka la fundi saa, kichochoro cha nyuma ya posta. Lilikuwa limefungwa, kufuli kubwa. Dirishani saa zote zilikuwa zimesimama kila moja na saa yake, hakuna wa kuzitia ufunguo. Alirudi wiki iliyofuata. Kufuli. Akaiona sura yake kwenye kioo, akaondoka upesi kama mwizi.

Jumapili ya nne, saa tisa na robo, mkono mkubwa wenye vidole vilivyobabuka kwa sabuni ulipita kwenye dirisha la tiketi.

Redio aliinua uso. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alimtazama mteja machoni. Nyuma ya Mkaguzi alisimama fundi saa, amekonda, anatabasamu, na kando yake msusi mwenye gauni jingine, na mikononi mwa msusi shuka jeupe limeviringishwa, na ndani ya shuka kitu kikapiga chafya.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Duka..." Redio akaanza. "Nilipita. Limefungwa."

"Tunahama," akasema fundi saa. "Kaka, nimepata mahali mji mwingine, kesho tunapakia vyombo. Mke wangu kasema hatuondoki kabla hajapanda hii treni yako. Sasa anaruhusiwa, au siyo?"

"Anaruhusiwa."

"Tiketi nne," akasema Mkaguzi.

"Mtoto mchanga hakatiwi, mama. Ni tatu."

"Nimesema nne. Huyu ni mtu."

Akakata nne. Maneno aliyoyafanyia mazoezi wiki tatu kwenye maua yalikuwa yamejipanga kooni, na akaona kwamba asipoyatoa sasa hayatatoka tena.

"Mama. Siku ile nilikuchelewesha. Nilikuwa nimeshaona. Niliona, na nikakungojesha."

"Najua."

"Ilikuwa kidogo tu, lakini..."

"Pumzi nane," akasema Mkaguzi. "Wewe ulikuwa unanitazama mimi. Mimi nilikuwa namsikiliza yeye. Alivuta pumzi nane umekaa juu ya kigari chako. Lile la kwanza limekwisha, la mdomo, hukujua. Hizo nane usiniombe msamaha. Sina."

"Mama, basi," akasema mwanawe.

"Basi nini? Nimemtukana?" Akazikusanya tiketi. "Na hayo maua umeyapanda kombo."

Wakaenda kukaa behewa la pili. Redio alipita kukagua, hatua moja moja. Msusi alimfunulia pembe ya shuka kidogo, akaona pua moja ndogo na ngumi moja, halafu Mkaguzi akaifunika.

"Umeshaona. Tangaza sasa."

"Nini, mama?"

"Ulimtangaza kabla hajaja, watu wakampa na jina. Leo amekuja. Kuna watu pale." Akaonyesha foleni kwa kidevu. "Waambie."

Redio alikwenda mbele. Aliinua kipaza sauti, na safari hii hakikuwa mlango wa kujificha. Kilikuwa chuma tu, baridi mdomoni. Hapakuwa na ubao wa kusoma. Foleni nzima ilikuwa inamtazama.

"Behewa la pili," akasema. "Kuna... yupo mtoto. Amefika salama."

Ilitoka kama mnong'ono. Hakuna aliyegeuka isipokuwa bibi mmoja aliyedhani anaitwa. Nyuma yake Redio alisikia ganda la karanga likipasuka, na ile sauti aliyokuwa ameichukia wiki saba, na ambayo kuanzia kesho asingeisikia tena.

"Hiyo ndiyo sauti? Siku ile ulisikika mpaka barabarani. Rudia."